BWANA SHAMBA ANASEMA: Gari la umeme likitetemeka breki

Mwezi huu sitazungumza juu ya migomba wala kahawa. Nitazungumza juu ya breki za gari la umeme.

Msishangae. Magari haya yako kwetu Arusha. Mafundi hutoa injini ya dizeli katika Land Cruiser. Badala yake huweka mota ya umeme na betri. Tangu mwaka 2018 magari ya umeme yanatembeza watalii katika mbuga ya Serengeti. Vijana wetu wa Meru wamo katika kazi hiyo.

Mpwa wangu ni dereva wa gari kama hilo. Mwezi wa Juni alikuja kwangu Nkoaranga amekunja uso.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Una nini?"

"Gari linatetemeka nikishika breki. Fundi mmoja amesema mota imekufa. Tajiri anasema nimeiua mimi. Anataka kunikata mshahara."

Mimi si fundi wa magari. Lakini bwana shamba huuliza kwanza, ndipo apige dawa. Mahindi yakinyauka, nauliza: Yalianza lini? Ni shamba zima au upande mmoja? Basi nikamwuliza mpwa wangu vivyo hivyo.

"Lilianza lini?"

"Baada ya masika. Watalii walikuwa wachache. Gari lilikaa nje wiki sita, likinyeshewa."

"Linatetemeka hata usiposhika breki?"

"Hapana. Ni nikikanyaga breki tu. Usukani unacheza mikononi."

Tukaingia garini, tukateremka polepole kuelekea Usa River. Nikamwambia aondoe mguu kwenye kanyagio la mwendo, asiguse breki. Gari likapunguza mwendo lenyewe, limetulia. Kisha akakanyaga breki. Usukani ukatetemeka.

Hapo tukapata jibu la kwanza. Nitaeleza.

Mnaijua dainamo ya baiskeli. Ukiiegemeza kwenye tairi, taa inawaka, lakini baiskeli inakuwa nzito. Mota ya gari la umeme hufanya hivyo pia. Dereva akiondoa mguu, mota inageuka dainamo. Inarudisha umeme kwenye betri, na gari linapunguza mwendo. Kama mota ingekuwa mbovu, ingeonyesha ubovu wakati huo. Haikuonyesha. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kwenye breki zenyewe. Na kwa kuwa usukani ndio uliotetemeka, tulishuku breki za mbele.

Ndani ya gurudumu kuna diski ya chuma. Pedi mbili huibana diski hiyo ili gari lisimame. Katika gari la umeme, mota husaidia sana kuzuia mwendo. Hivyo diski hazisuguliwi mara nyingi. Jembe lisilolima hushika kutu, na diski ni hivyo hivyo. Kutu ikila sehemu moja zaidi ya nyingine, diski haiwi sawa tena. Pedi zikiibana, gari linatetemeka. Tofauti nyembamba kuliko unywele inatosha.

Tulikwenda gereji mjini kwa fundi mwingine. Fundi huyu alifuata hatua hizi:

1. Alitazama tairi na nati zake. Nati zikikazwa bila usawa, diski hukaa upande.

2. Aliinua gari kwa jeki, akaweka vigingi imara. Akatikisa magurudumu, apate kujua kama beringi zimelegea.

3. Alitoa diski, akasugua kutu na uchafu mahali diski inapokalia. Uchafu kidogo tu huipindisha.

4. Alipima unene wa diski mahali pengi. Kisha akaizungusha akitumia kipimo chenye saa, aone kama inayumba.

5. Alitazama kama pedi zinateleza vizuri mahali pake. Pini moja ilikuwa imekwama kwa kutu. Akaisafisha na kuipaka grisi ya breki.

Diski zote mbili za mbele zilikuwa zimeliwa na kutu. Diski huweza kuchongwa kwa mashine, kama bado ni nene. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe. Hizi zilikuwa nyembamba mno. Zikawekwa mpya, kushoto na kulia, pamoja na pedi mpya. Usibadili upande mmoja, gari litavuta upande.

Mwisho fundi alikaza nati kwa kuvukana, kwa spana ya kupimia nguvu. Mpwa wangu akazizoeza pedi kwenye barabara tupu. Alipunguza mwendo taratibu kutoka kilometa 50 hadi 20 kwa saa, mara kumi, akiacha diski zipoe kila mara.

Mtetemo ukaisha. Mota haikuguswa. Tajiri akaona kosa lake, na mshahara haukukatwa.

Ndugu madereva, kumbukeni haya:

Shikeni breki za mguu kila siku, zisishike kutu. Gari likioshwa au likinyeshewa, kausheni diski kwa kushika breki mara chache kabla ya kuliegesha.

Betri ikijaa kabisa, mota haina pa kuweka umeme, na haizuii gari vizuri. Ukitoka mlimani na betri imejaa, shuka polepole.

Msiguse nyaya nene za rangi ya machungwa. Umeme wake unaua.

Gari likianza kutetemeka, msilipakie watu. Lipelekeni kwa fundi kwanza. Miteremko ya Meru haina huruma.

MASWALI

1. Kwa nini diski za gari la umeme hushika kutu upesi?
2. Mpwa alijuaje kwamba mota ni nzima?
3. Je, umewahi kulipia dawa kabla ya kujua ugonjwa? Zungumzeni darasani.