ELIYA ALILISHWA KWANZA (Sehemu ya 5)

 Sehemu iliyopita tuliongea habari ya kitovu cha mtoto. Leo tuongee habari yako wewe, maana kila anayekuja kumwona mtoto anauliza mtoto anaendeleaje, mama haulizwi.

Nianze na langu. Mtoto wangu wa pili alipofikisha wiki tatu, nilikuwa nakaa kitandani nalia tu. Sio kwamba nilikuwa simpendi. Nilimnyonyesha, nilimbadilisha, lakini ndani yangu hakukuwa na kitu. Hata kuoga niliona kazi. Akaja dada mmoja wa kanisani, akanikuta macho yamevimba. Akaniambia, "Wewe umeokoka, tena ni nesi, unaliaje na Mungu amekupa mtoto mzima? Ongeza maombi." Akaomba, akaaga, akaenda. Nilibaki na huzuni ile ile, na sasa juu yake kuna hatia. Nikaanza kujiuliza kama nina imani kweli.

Jioni yake akaja mama jirani, mtu mzima, na bakuli la mtori. Hakuuliza chochote. Alikaa hapo hapo mpaka nikamaliza kula, akampakata mtoto, akasema, "Lala mwanangu, akitaka kunyonya nitakuamsha." Nililala masaa matatu. Nilipoamka nikaweza kutamka neno ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu: "Mama, mimi siko sawa." Akajibu, "Najua. Kesho tunaenda wote hospitali."

Sasa fungua Biblia yako, 1 Wafalme sura ya 19, usome taratibu. Eliya ametoka mlima Karmeli, ameona moto ukishuka kutoka mbinguni. Huyo sio mtu wa imani ndogo! Lakini Yezebeli alipotishia kumuua, alikimbia. Akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, akakaa chini ya mti akamwomba Mungu afe.

Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumwambia aongeze maombi. Alimwacha alale, kisha akamtuma malaika na mkate uliookwa kwenye makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Maswali yalikuja baadaye kabisa, kule Horebu, Eliya akiwa ameshakula, ameshalala na ameshatembea siku 40. Na kule Mungu akamwonyesha kwamba hayuko peke yake, wapo wengine 7,000, akampa na Elisha wa kutembea naye.

Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: kumwambia mzazi aliyevunjika moyo "ongeza imani" halafu ukamwacha na njaa na usingizi, huko sio kumtia moyo. Ni kumwongezea mzigo. Wengine watasema nesi huyu anapunguza maombi. Hapana jamani. Mimi naomba kila siku, na kipindi kile sala yangu ilikuwa maneno mawili tu: "Bwana, nimechoka." Sasa hivi naona ile ilikuwa sala ya imani, kwa sababu nilimwambia Mungu ukweli, kama Eliya. Ila Mungu akijibu kwa bakuli la mtori, ni Mungu yule yule. Akijibu kwa kukupeleka kwa daktari, ni yeye yule yule.

Kitaalamu elewa hivi. Siku chache baada ya kujifungua, wazazi wengi wanalialia bila sababu, hasira karibu, moyo mwepesi. Hiyo ni kawaida, na mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Lakini ikipita wiki mbili bado huna raha na chochote, hulali hata mtoto akiwa amelala, unajiona mama mbaya, hiyo inaweza kuwa sonona baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanawake 100 wanaojifungua, takriban 13 wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Sio pepo, sio uvivu, na sio kwamba umemkosea Mungu. Inatibika. Ukienda kliniki na mtoto, usiseme tu "mtoto mzima." Sema na habari yako.

Na kama yanakuja mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri wiki mbili, wala usisubiri Jumapili. Mwambie mtu sasa hivi, nendeni kituo cha afya leo hii, na usibaki peke yako.

Baba wa nyumba, nawe nikuombe. Usiku mmoja mmoja amka wewe umbadilishe mtoto. Mpikie mwenzio uji. Malaika wa Eliya hakuja na maneno mengi, alikuja na chakula.

Mimi nilipona polepole, kwa ushauri nasaha hospitali, kwa usingizi, kwa maombi, na kwa yule mama aliyekuwa anakuja kila jioni bila kuchoka. Ilichukua miezi. Leo nikiwa zamu wodi ya wazazi nikaona mama amegeukia ukutani, siendi na mahubiri. Naenda na kikombe cha chai, nakaa pembeni ya kitanda, namuuliza, "Na wewe mama, umekula?"

Kama kuna mzazi mtaani kwako, wiki hii mpelekee chakula. Ombeni naye pia, akishakula.

Sehemu ya 6 tutaongea kuhusu maziwa kutotoka. Mungu akutunze.