Watoto wenye kisukari wapimwe macho na tezi

Mhariri,



Wazazi wengi wa watoto wenye ugonjwa wa kisukari hudhani kwamba sukari ikishapimwa na sindano ya insulini ikachomwa, basi kazi imekwisha. Sivyo.

Kisukari cha watoto aghalabu hutokea pale kinga ya mwili inapogeuka na kuziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Kinga hiyo hiyo huweza kuishambulia tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Tezi ikilegea, mtoto husinzia, huona baridi, huchelewa kukua na huwa mzito wa kushika masomo. Pengine shingo huvimba, na majirani husema ni rovu la kukosa chumvi yenye madini joto. Lakini ugonjwa huu hauponi kwa chumvi. Damu hupimwa, na mgonjwa hupewa vidonge vya kumeza kila siku.

Macho nayo yamo hatarini. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, bila maumivu yoyote. Mtoto atakapokuja kusema haoni, huenda tumekwisha kuchelewa.

Madaktari wa kisukari cha watoto duniani hushauri tezi ipimwe mara ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila baada ya miaka 2. Macho yaanze kupimwa mtoto afikapo miaka 11, ikiwa ameugua kwa miaka 2 hadi 5.

Kutoka Singida hadi Dodoma ni kilomita 240 hivi. Mkulima wa alizeti hawezi kutafuta nauli kila mara. Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kwamba vipimo hivi vinafanyika siku ile ile ya kliniki, katika hospitali za mikoa na wilaya. Penye upungufu wa vifaa, ni afadhali chupa ya damu isafiri kuliko mtoto.

Nasi walimu tunao wajibu. Mwanafunzi mwenye kisukari anayesinzia darasani, au asiyesoma vizuri ubaoni, tusiharakishe kumwita mvivu na kushika fimbo. Tumwite mzazi, tumweleze tuliyoyaona, aende nayo kwa daktari.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Utemini, Singida.