Mafundisho ya Nyumbani: Dema na Marko



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumapili, mama mmoja wa hapa Kharumwa alibaki kanisani hata watu wote wakaisha kutoka. Ndipo akatueleza habari za mwanawe. Kijana huyo tulimfundisha sisi wenyewe katika darasa la ubatizo, naye alikuwa msomaji mwema wa Maandiko. Mwaka wa pili sasa yuko machimboni, upande wa Nyarugusu. Kanisani haendi. Nao watokao huko wasema kwamba amemwendea mganga, akachanjwa na kufungwa hirizi, ili duara lake litoe mawe yenye dhahabu. Mama akatuuliza, "Mwalimu, mwanangu aliokoka kweli. Je, wokovu wake umekwisha? Nimwombee kama mtu aliye hai, au nimlilie kama mfu?"

Hatukumjibu upesi. Swali hilo si jepesi, nalo limo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu.

Wakuu wa elimu ya Maandiko hawakupatana katika jambo hili. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba mtu aweza kupoteza neema kwa dhambi ya mauti, lakini aweza kuirudia kwa kitubio. Mkutano wa Dordrecht katika Uholanzi, 1618 hata 1619, ulisema kwamba Mungu huwalinda wateule wake hata mwisho, ijapokuwa waweza kuanguka vibaya kwa muda. John Wesley wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1791, alifundisha kwamba mwamini aweza kuanguka hata akapotea kabisa.

Wote hao walishika Maandiko. Katika Yohana 10 Bwana aahidi kwamba hakuna awezaye kuwapokonya kondoo zake mkononi mwake. Katika Waebrania 6 twaonywa vikali juu ya watu walioonja kipawa cha mbinguni, kisha wakaanguka. Tusifute neno moja kwa ajili ya lingine. Ahadi ni ya mtu aogopaye, na onyo ni la mtu ajivunaye. Kosa letu ni kugeuza: ahadi twajitwalia sisi, na onyo twampelekea jirani.

Fungueni Waraka wa pili kwa Timotheo, mlango wa 4, mkasome aya ya 10 na ya 11. Katika aya ya 10 Paulo asema kwamba Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu. Dema huyu hakuwa mgeni. Katika Wakolosai na katika Filemoni ametajwa pamoja na watenda kazi wa mtume. Katika aya ya 11 Paulo aagiza Marko aletwe, maana amfaa kwa utumishi. Naye Marko ni nani? Ni yule aliyewaacha wenzake huko Pamfilia, hata Paulo akakataa kusafiri naye tena, akatengana na Barnaba kwa ajili yake. Mtu aliyewaona wote wawili siku walipoondoka angeweza kusema yupi atarudi? Tena Barnaba hakungoja kujua. Alimtwaa Marko, akaenda naye.

Kanisa la Afrika lilijaribiwa na jambo hili zamani sana. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Rumi. Katika Karthago, nchi iitwayo leo Tunisia, Wakristo wengi waliogopa wakatoa. Wengine walinunua hati za uongo kwamba wametoa. Mateso yalipopungua, walirudi wakibisha mlangoni. Novatian wa Rumi alisema wasipokewe. Lakini Askofu Sipriani wa Karthago na maaskofu wenzake walikutana mwaka 251, wakakata shauri kwamba mlango usifungwe; ila toba iwe ya kweli, na kila mtu aangaliwe kwa kadiri ya kosa lake. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Katika nchi zetu hizi nako, uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya, haukuufanya wokovu kuwa hati ya kufungia sandukuni. Mtu aliyeokoka zamani alisimama mbele ya ndugu akaungama hasira ya jana, au deni alilolikana. Hilo lilikuwa jema. Lakini wengine walijifanya waamuzi, wakawahesabu wasioungama kama wao kuwa hawajaokoka, na makanisa yakaona magomvi.

Basi tulimjibu mama hivi: "Mama, hatukupewa kitabu cha kuandika majina ya waliopotea. Usimwambie mwanao kwamba yu salama na hirizi yake, maana hiyo si kweli. Wala usimwambie kwamba amekwisha kutupwa, maana hilo hatulijui. Maadamu apumua, aitwa. Mwombee kama mtu aliye hai."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nanyi walimu, mmekwenda kumwona?"

Hatukuwa na la kujibu. Miaka miwili tumelitaja jina lake katika maombi, na katika mazungumzo yasiyofaa pia, wala hakuna mmoja wetu aliyepanda gari kwenda Nyarugusu. Tulikuwa tukibishana kama kondoo aweza kupotea, na huku hatukumtafuta aliyetoka zizini.

Enyi walimu, mliopoteza mwanafunzi machimboni, mwendeeni kabla hamjamhukumu. Enyi wazazi, msiondoe jina lake katika sala ya jioni, na siku ajapo nyumbani apewe chakula kabla ya maneno. Nasi tuketio viti vya mbele tujiangalie sana: Dema hakuanzia machimboni, alianzia karibu na mtume.

Jumamosi ijayo, Bwana akipenda, tutakwenda Nyarugusu pamoja na baba mdogo wa kijana huyo. Mtuombee.