Kutuma ni Bure? Bure Gani?

Tulichanga miezi mitatu ili shangazi akafanyiwe upasuaji wa moyo India. Grupu ya WhatsApp, M-Pesa, kanisa, mpaka majirani wa ploti. Halafu benki ikatuambia, "Kutuma ni bure." Bure gani?

Piga hesabu. Tuseme hospitali inataka dola 8,000. Ukiuziwa kila dola shilingi 4 juu ya bei ya soko, umepoteza 32,000. Hutaziona kwenye risiti, zimejificha ndani ya bei. Hao ni watu 64 waliokutumia mia tano tano, na wengine walikopa.

Benki Kuu hutoa bei ya dola kila siku ya kazi. Iangalie kwanza, kisha pigia benki tatu simu, uliza: "Nikiwapa hizi shilingi, hospitali itapokea dola ngapi?" Na ukilipa kwa kadi ukiwa huko, mashine ikiuliza shilingi au rupia, chagua rupia.

Gikomba tunabishania shilingi kumi kwa sauti. Mbele ya kaunta ya benki tunanyamaza kama tuko matangani. Wasee, uliza! Huo uoga wetu, mgonjwa ndiye anaulipia.