Gari limeshuka bei, giaboksi haijashuka

Shuka matatu pale Adams Arcade jioni, utembee kuelekea Dagoretti Corner. Utayaona kando ya Ngong Road, yamepangwa kwenye yadi, yameoshwa yanang'aa, tairi zimepakwa weusi hadi zinafanana na mpya. Jicho lako halitaenda kwa Vitz. Litaenda kwa Nissan X-Trail ama Subaru Forester, gari lililoinuka, la kubeba watu watano na gunia la viazi kutoka ushago. Unauliza bei, unapata iko chini ya ile ya gari dogo lililoingia juzi kutoka Japani. "Boss, hii haina shida hata moja," broka anakwambia. "Ni kuweka mafuta tu na kwenda."

Kabla hujamjibu, jiulize kwa nini gari kubwa hivyo linauzwa bei hiyo.

Sababu ya kwanza iko Times Tower. Tangu Julai 2023, ushuru wa forodha kwa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Piga hesabu. Tuseme KRA imelithamini gari la petroli la cc 2,000 kuwa la Sh1 milioni. Ushuru wa forodha ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 unatozwa juu ya jumla hiyo, si juu ya milioni pekee, kwa hivyo ni Sh337,500. VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya vyote hivyo, Sh270,000. Ongeza ada ya tamko la bidhaa ya asilimia 2.5 na ile ya reli ya asilimia 2. Jumla ni Sh1,002,500. Yaani gari moja umelinunua mara mbili, na Julai 2025 KRA ikaanza kutumia orodha mpya ya bei inazotumia kuthamini magari.

Kijana aliyeajiriwa juzi hawezi mchezo huo, kwa hivyo anarudi nyuma kwenye magari yaliyomo nchini tayari. Hapo ndipo sababu ya pili inapoingia, na hii wengi hawaifikirii. Sheria ya miaka minane ya KEBS inamaanisha kwamba mwaka huu wa 2026 gari haliingii nchini kama lilisajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2019. X-Trail ya umbo la T31 ilitengenezwa kati ya 2007 na 2013. Forester ya SH ni ya enzi hizo hizo. Hakuna inayoshuka melini Mombasa tena. Kila moja unayoiona Ngong Road imeshaishi hapa, imeshapanda matuta ya hapa na kuonja mafundi wa hapa. Plate ikianza na KB au KC, ilikuwa nchini kabla namba za KD hazijaanza mwaka 2020. Maneno "kama mpya kutoka Japani" yalishapitwa na wakati.

Sasa tuje kwa chuma chenyewe. Gari hilo lilipokuwa jipya lilikuwa la mtu wa mshahara mnono, na kila kitu ndani yake kilitengenezwa kwa mfuko huo. Gari limeshuka bei kwa sababu limezeeka. Spea hazikushuka nalo.

Chukua giaboksi ya X-Trail T31. Nyingi ni za CVT. Hii haina gia za kuhesabu moja, mbili, tatu. Ndani kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na puli hizo hupanuka na kubana ili kubadilisha mwendo. Ni laini kuendesha, lakini inategemea oili yake kabisa, kwa sababu ndiyo inayobana puli na ndiyo inayopoza. Nissan ilitaja oili maalumu, NS-2. Fundi wa mtaani akiweka oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu "zote ni za giaboksi tu", mkanda unaanza kuteleza na kukwaruza puli. Hautaona leo. Utaona ukipanda kutoka Mai Mahiu ukiwa umebeba watu: injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, gari haliendi. Ama linatetemeka ukitoka polepole kwenye foleni ya Prestige.

Wanaoweza kuifungua CVT na kuitengeneza vizuri ni wachache, kwa hivyo jibu la gereji nyingi ni kubadilisha yote. Utaelekezwa Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanapaita Grogan, ukatafute ya "ex-Japan". Bei inavuka laki kwa urahisi, bado hujalipa kazi na oili. Na kumbuka unachonunua: giaboksi nyingine kuukuu, iliyotolewa kwenye gari usilolijua. Waranti yake mara nyingi ni neno la mwenye duka.

Forester nayo ina ugonjwa wake. Injini za EJ, hasa zile za turbo ambazo vijana wanazipenda kwa mlio, zinatumia mkanda wa taiming wa mpira. Unafaa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika barabarani, valvu na pistoni zinagongana, na hapo ni injini kufunguliwa. Kwa hivyo muuzaji akisema mkanda ulibadilishwa, uliza risiti. Kama hakuna, chukulia haujabadilishwa na uutoe kwenye bei. Turbo nayo haivumilii oili chafu ama iliyopungua. Mwenye gari aliyekuwa akichelewesha sevisi ili kuokoa elfu chache amekuachia wewe deni.

Yaliyobaki ni madogo madogo, lakini ndiyo yanayokula mshahara kila mwezi. Bushi na shoki hazidumu kwa barabara zetu. Rejeta iliyojazwa maji ya mfereji miaka kumi imeoza ndani. Kuna fundi aliyeng'oa thamostati eti gari lisichemke. Na nyaya! Alamu moja, traka mbili, redio iliyobadilishwa, kila mmoja alikata waya mahali pake. Tatizo la umeme kwenye gari kama hilo halina bei, kwa sababu unalipa saa za kutafuta.

Halafu kuna mafuta. Kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa 2025, lita ya petroli Nairobi ilibaki juu ya Sh180. Ukienda kilomita 1,000 kwa mwezi na gari linakupa kilomita 10 kwa lita, kwa bei hiyo ni zaidi ya Sh18,000 kabla fundi hajakupigia simu.

Sisemi usinunue. X-Trail iliyotunzwa itakutumikia vizuri. Ninachoshangaa ni kwamba mtu yule yule anayegeuza jaketi la mitumba ndani nje pale Toi Market, akikagua zipu na mshono kwa sababu ya Sh300, hununua gari la Sh900,000 kwa kuzunguka mara mbili na kupiga teke tairi.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Injini baridi haifichi moshi wala mlio wa cheni. Geuza ufunguo bila kuwasha, uangalie kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa ili usiione. Beba fundi wako mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, si fundi wa broka. Akikwambia kumbukumbu ya hitilafu ilifutwa karibuni, uliza ni nini kilichofutwa. Endesha angalau nusu saa, CVT ipate joto, kwa sababu ikiwa baridi inaweza kujifanya mzima. Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA ujue kama jina la benki au mkopeshaji liko kwenye logbuku.

Na kama mkopo wa sacco ni Sh900,000, usitafute gari la Sh900,000. Tafuta la Sh750,000. Hiyo laki na nusu iweke kwa akaunti usiyo na kadi yake, kwa sababu fundi atapiga simu kabla ya mwezi wa sita.