Wa Kwetu au wa Kwao? Barua kwa Watu wa Kilosa na Mikumi

Berlin, Ujerumani

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na jamaa wa Kilosa na Mikumi,

  Najua mtu wa kwetu akisema yuko Ulaya lazima aulizwe: ipi, ya Wazungu au kile kijiji chetu cha Ulaya, njia ya kwenda Mikumi? Basi mimi niko ya Wazungu, na kilichonifanya niandike barua ndefu namna hii ni kibao cha mtaa.

Kaskazini ya jiji hili, eneo la Wedding, kuna mitaa yenye majina ya Kiafrika. Mmoja wao uliitwa Petersallee. Uliitwa hivyo mwaka 1939, enzi za Hitler, kwa heshima ya Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Watu walipoanza kulalamika, mwaka 1986 wakubwa wa hapa walipata ujanja: jina libaki, ila tangu sasa lihesabiwe kuwa la Peters mwingine, Hans. Kibao kilekile, mtaa uleule, marehemu mwingine. Ilichukua miaka mingine 38. Agosti 2024 vibao viling'olewa. Kipande kimoja cha mtaa sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke aliyeuawa Windhoek, Namibia, mwaka 1959 akipinga ubaguzi. Kipande kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee.

Watu wa Msowero hamhitaji kusimuliwa Peters ni nani. Tarehe 29 Novemba 1884 alifika kwa Mangungo, mtawala wa huko, na karatasi yake ya Kijerumani. Kwa karatasi hiyo, Mangungo alionekana kutoa nchi yake yote na kila haki iliyomo, na pia kukiri kwamba hata huyo Sultani wa Zanzibar hajapata kumsikia. Wiki mbili kabla, mataifa ya Ulaya yalikuwa yameketi hapahapa Berlin kupanga namna ya kugawana Afrika. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake Kaisari alitia sahihi hati ya kuilinda mikataba ya Peters, ya Usagara ikiwamo. Usagara ni kwetu. Vilima tunavyoviona tukitoka kuchota maji ni mojawapo ya mahali ulipoanzia ukoloni wa Kijerumani katika Tanganyika.

Yaliyofuata mnayajua. Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, viliua watu wanaokadiriwa kati ya 200,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi. Wengine hata wafu wao hawakuachwa wapumzike. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa hapa Berlin ilimaliza kuchunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, na ikaona kwamba 202 yalitoka katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Yalikuwa yamepangwa kwenye makabati kwa namba, kama sampuli za mawe. Fuvu moja, kwa kipimo cha vinasaba, liligundulika kuwa la mmoja wa wasaidizi wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, na ndugu zake wa damu wako hai hadi leo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa.

Nimewaandikia haya ili mjue kwamba dunia ikikiri mateso ya watu, haikiri kwa huruma tu. Wanamibia walisubiri hadi mwaka 2021 ndipo Ujerumani ikatamka kwamba Waherero na Wanama walifanyiwa mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na hata hapo wajukuu wengi wa waliouawa wakalalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Kilichowafikisha hapo ni kazi ya miaka: kukusanya majina, kuhifadhi tarehe, kwenda mahakamani, kusimama kwenye makaburi kila mwaka bila kuchoka. Asiye na kumbukumbu hana kesi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Vibao vilipobadilishwa nilituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp, sisi wa Kilosa tulio nje. Hongera zikamiminika, bendera, ngumi zimeinuliwa juu. Siku chache baadaye mwenzetu mmoja akaleta habari kutoka nyumbani: ugomvi wa ng'ombe na shamba, mtu amefariki. Jibu la kwanza lililoingia halikuwa "poleni". Liliuliza: "Wa kwetu au wa kwao?"

Na hakuna aliyeshangaa. Wengine wakasubiri jibu wajue kama watoe rambirambi au wanyamaze. Hapo ndipo nilipoona kwamba Wajerumani tunawadai kitu ambacho sisi wenyewe hatujakilipa. Nyani haoni kundule.

Tuanze na kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa pale, wakiwemo wanawake na watoto. Waliouawa walikuwa watu wa jamii ya wakulima, waliowaua walikuwa vijana wa wafugaji. Kabla ya siku ile kulikuwa na mvutano wa ng'ombe kuingia mashambani, ng'ombe kukamatwa, faini, na hasira iliyokuwa ikilimbikizwa pande zote mbili. Lakini hakuna mvutano unaohalalisha mtoto kukatwa panga. Ninaposema Rudewa Mbuyuni mbele ya Watanzania wenzangu hapa, wengi hawajapata kulisikia jina hilo. Uchambuzi wa kina ninaoujua ulitoka mwaka 2009, wa Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah. Wanaonyesha kwamba chanzo hakikuwa ukame wala "uhasama wa asili" bali sera za ardhi zilizowabana watu kwa miaka mingi, na rushwa iliyowafanya wakulima na wafugaji wasiamini kwamba ofisini kuna haki. Uliandikwa kwa Kiingereza, ukachapishwa kwenye jarida la wasomi ambalo Rudewa haliuzwi.

Kisha tuhesabu upande wa pili. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ilikuja operesheni ya kuwaondoa wafugaji wilayani kwetu. Ng'ombe walikamatwa, watu wakatozwa faini, mifugo ikauzwa, familia zikabaki barabarani na watoto na ndoo zao. Kuna Waparakuyo, wafugaji ndugu wa Wamasai, waliozaliwa Kilosa, baba zao walizaliwa Kilosa, ila siku ile waliitwa wavamizi. Mfugaji akiondolewa ng'ombe ameondolewa chakula, akiba, mahari na ada ya shule kwa mkupuo mmoja. Wangapi kati yetu wakulima tulisema hata neno moja? Nawakumbuka waliosema "wamepata dawa yao". Nao kwa upande wao, kuna wazee wa kifugaji ambao ukiwatajia wale 38 wanaanza kukuhesabia ng'ombe waliokatwa mapanga.

Kila upande una msiba wake na tarehe yake. Na kila upande ukiomboleza, unaomboleza kama vile mwingine hakufiwa.

Mtaniuliza, mbona wazungu wanawajua Wamasai lakini Kilosa hawaijui? Swali zuri. Juni 2022 polisi walipokwenda Loliondo kusimika mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500, habari ilifika hapa haraka sana, na mwaka uliofuata wajumbe wa Kimasai walikuja Ujerumani kueleza kilio chao. Walikuwa na haki ya kusikilizwa, na ni vizuri walisikilizwa. Lakini Loliondo ni habari ambayo mtu wa mbali anaielewa kwa dakika mbili: huku mwananchi mwenye shuka nyekundu, kule dola na watalii. Ya Kilosa haisimuliki hivyo. Huyu aliyefukuzwa mwaka 2009 huenda ana ndugu aliyekuwemo katika kundi la mwaka 2000. Huyu aliyezika mwanawe mwaka 2000 huenda ndiye aliyeshangilia mwaka 2009. Dunia hupenda mwenye kuonewa awe mmoja tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho. Akibadilika, wanafunga kitabu.

Na mhusika wa tatu, yule aliyechukua ardhi bila kushika panga wala fimbo, hatajwi kabisa. Tazameni ramani ya wilaya yetu. Ardhi nzuri ya Kimamba na Rudewa ilimezwa na mashamba ya mkonge tangu enzi za Mjerumani na Mwingereza. Mkonge ulipoanguka, mengine yakageuka pori lenye hati ya mtu asiyeonekana. Upande wa kusini, mwaka 1964 ilitangazwa Hifadhi ya Mikumi, ikaongezwa miaka ya sabini hadi kufika kilomita za mraba 3,230. Katikati pamebaki mabonde ya kulima mpunga wakati wa masika, ambayo ndiyo hayohayo ng'ombe huyahitaji kiangazi. Mkulima na mfugaji wanapigania kilichobaki mezani baada ya wakubwa kula.

Hapo Mikumi kuna jambo ambalo wenyeji mmelizoea hata hamlioni. Ukipita na basi barabara kuu ya kwenda Iringa, kuna ubao wa faini kwa atakayegonga mnyama hifadhini. Umepangwa kama bei za dukani: jina la mnyama, kiasi chake kwa dola za Kimarekani. Twiga ni dola 15,000, zaidi ya shilingi milioni 30. Nilipokuwa kijana, abiria walikuwa wakiusoma kwa sauti na kucheka, kila mmoja akikisia yeye mwenyewe angeuzwa ngapi.

Kicheko kile hakikuwa cha bure. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama mkali. Kwa ekari ya mazao iliyoliwa na tembo, kifuta jasho kilianzia shilingi 25,000. Viwango hivyo vimerekebishwa baadaye, na najua faini na pole si kitu kimoja: ile ni adhabu ya mwenye kosa, hii ni mkono wa rambirambi. Simpunguzii twiga thamani yake. Ninachosema ni kwamba thamani ya twiga imeandikwa ubaoni, barabarani, kila dereva anaiona. Thamani ya mama aliyekanyagwa na tembo akipalilia mahindi imo kwenye faili, na faili linasubiri sahihi.

Mambo yakisukumwa huweza kubadilika. Benki ya Dunia ilikuwa na mradi wa REGROW, wa dola milioni 150, wa kuendeleza utalii katika hifadhi za kusini, Mikumi ikiwamo. Watu wa kandokando ya Hifadhi ya Ruaha walilalamika kwamba wanapigwa, wanauawa na kunyang'anywa mifugo. Aprili 2024 Benki ilisimamisha fedha, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa. Katika malalamiko yale, mkulima na mfugaji wa Mbarali, wilaya iliyo kando ya Ruaha, walijikuta upande mmoja, kwa sababu mpaka wa hifadhi ulikuwa umewafuata wote. Sisi bado tunangoja nini?

Nina maombi matatu, na mkiona ni ya mtu aliyekaa mbali sana, nikemeeni.

La kwanza, daftari. Wazee waliozika mwaka 2000 wanaondoka mmoja mmoja. Walimu wa sekondari zetu wawatume wanafunzi wakaandike majina ya wale 38, umri wao, walikuwa watoto wa nani. Daftari hilohilo, si lingine, liandike na wafugaji waliouawa katika mapigano ya miaka hiyo yote, na familia zilizofilisika mwaka 2009. Yakiwa madaftari mawili, tutakuwa tumetengeneza silaha mbili.

La pili, tarehe 8 Desemba. Tarehe 9, Siku ya Uhuru, nchi nzima hupandisha bendera. Sioni kwa nini siku moja kabla pasiwe na dua na sala Rudewa Mbuyuni, na wazee wa Kiparakuyo wakaalikwa, wakakaa mbele, wakasikia majina yakisomwa. Mwaka unaofuata na sisi tuende kwao tukasikilize ya kwao. Najua kuna watakaosema hilo ni kuchokonoa kidonda. Kidonda hakijapona, tumekivalisha shati tu.

La tatu ni letu tulio nje. Nimependekeza kwenye kundi kwamba mfuko wetu wa rambirambi usiulize tena marehemu ni wa nani. Akiwa amekufa Kilosa, kwa panga, kwa risasi, kwa tembo au kwa mafuriko ya mto Mkondoa, kiasi ni kilekile. Baadhi wamekubali. Wawili wamejitoa, mmoja wao ni rafiki yangu wa tangu shule, na sababu zake nazielewa kwa kuwa nawajua aliowazika. Bado nasimamia hapohapo.

Yale mafuvu 202 tutaendelea kuyadai, na mimi niko kwenye foleni hiyo pamoja na wengine. Lakini siku yatakaporudi, yatarudi kwenye ardhi ambayo watu wake wakisikia mtu amekufa wanauliza kwanza kabila. Afisa wa makumbusho hapa akituambia kwamba hata sisi tunachagua wafu wa kuwalilia, sijui tutamjibu nini. Ningependa tuwe na jibu kabla hajauliza.

Nisalimieni wote wa Kimamba, Rudewa, Msowero, Ulaya na Mikumi mjini. Nangoja majibu, hata ya kunigombeza.

Wenu katika kheri na shari,
Mtoto wa Rudewa