Majibu kwa wenye maduara

Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu: popote penye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mkoani Geita pana walimu wa uongozi. Kila mwenye duara ana fundisho lake la namna ya kuwaendesha vijana, na mengi yamerithiwa bila kuulizwa. Nayajibu machache.

"Vijana wa machimbo bila ukali hawaendi." Ukali huharakisha mikono, sibishi, ila huziba midomo. Aliye chini ndiye anayeona timba, gogo linaloshikilia kuta za duara, limeanza kupinda, ndiye anayenusa moshi wa baruti ambao haujatoka. Kijana aliyetukanwa jana kwa kupanda juu mapema, leo atanyamaza. Msimamizi akae akijua kwamba hana macho kule chini isipokuwa ya hao anaowatisha. Anayesema leo sishuki asikilizwe kwanza, duara likaguliwe, na chakula chake kisikatwe.

Wapo wanaodai kwamba ukali ndiyo jadi ya Usukumani. Wamemsahau nsumba ntale, mkubwa wa vijana aliyesimamia kazi za pamoja za kijiji. Huyo alichaguliwa na vijana wenzake. Waliomtii ndio waliomweka.

"Ukimwonyesha mchimbaji hesabu, umemfundisha kudai." Atadai hata usipomwonyesha, ila atadai usiku, kwa kuondoka na mawe mazuri mfukoni. Wachimbaji wengi hawana mshahara. Wanakula chakula cha mwenye duara na kusubiri mgao. Mwenye leseni huchukua sehemu yake, gharama za chakula, dizeli, matimba na baruti hukatwa, kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Tazama vizuri: ugomvi mwingi hauhusu mgao wenyewe, unahusu makato. Mtu aliyevumilia miezi mitatu ya ugali na maharage, kisha siku ya dhahabu akatajiwa mapipa ya dizeli ambayo hakuyaona yakishushwa, hatakuamini tena hata ukiapa.

Andika gharama siku ileile inapoingia. Isome mbele ya timu kila wiki, wakati bado hakuna dhahabu ya kugombea. Waachie wachimbaji wachague mtu wao, si mpambe wako, awepo mifuko inapohesabiwa, awepo kwenye karasha mawe yanaposagwa, awepo mwaloni yanapooshwa na awepo kwenye kuuza. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, mauzo ya pale yana karatasi yenye uzito na bei. Karatasi hiyo ipite mikononi mwa wote.

"Daftari la majina ni la ofisini, mimi vijana wangu nawajua." Mwishoni mwa Januari 2017 watu 15, Watanzania 14 na Mchina mmoja, walifukiwa katika mgodi wa RZ Union huko Nyarugusu. Walitolewa wote wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Kabla ya hapo, Oktoba 2015, kifusi cha Nyangarata wilayani Kahama kilifunika wachimbaji, na watano walitolewa hai baada ya siku 41; mmoja wao alifariki baadaye. Siku kama hiyo waokoaji huuliza maswali mawili kabla ya mengine yote: wako wangapi, na wako upande gani? Kichwa cha msimamizi aliyechanganyikiwa hakiwezi kujibu. Jina liandikwe mtu anaposhuka, likatwe anapopanda.

"Weka ndugu, ndio waaminifu." Ndugu huiba pia, na ni vigumu zaidi kumfukuza.

"Dhahabu ni bahati, uongozi haubadili kitu." Mwamba mtupu hauna dawa, hapo nakubali. Lakini maduara mengi huachwa kabla ya kujulikana kama ni matupu, kwa sababu vijana wamechoka kudanganywa na wamesikia kuna rashi mpya, mkimbilio wa dhahabu, kwingine. Mwenye duara anayekimbiwa kila msimu afungue daftari lake la gharama kwanza, kabla hajapeleka mbuzi kwa mganga.